Kabla mtoto hajajua kuangusha, amefundishwa kuanguka?

Michezo ya Olimpiki ya Vijana imepangwa kufanyika Dakar, Senegal, kuanzia Oktoba 31 hadi Novemba 13, 2026. Ni mara ya kwanza kwa mashindano yoyote ya Olimpiki kuletwa Afrika, na judo imo kwenye orodha ya michezo itakayochezwa. Mashindano ya namna hii yana kawaida moja: watoto wanayaona kwenye simu na televisheni, na wiki inayofuata wanaomba kuandikishwa.

Kwetu judo haijawa mchezo wa watu wengi, lakini si mgeni. Zanzibar inafundishwa tangu miaka ya 1990, kwa juhudi za Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliyehamia visiwani, na mwaka 2024 Andrew Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika judo kwenye Olimpiki ya Paris. Mzazi anayeombwa na mtoto wake ada ya judo hulitazama vazi jeupe na mkanda, akaona nidhamu, akaona mtoto ameondoka kwenye simu, akalipa. Sina ugomvi na uamuzi huo. Judo ni mchezo mzuri kwa mwili wa mtoto: unajenga misuli, unampa mizani na unamfundisha kumheshimu mwenzake. Ninachotaka tukizungumze leo ni swali moja ambalo wazazi wengi hawalifikirii siku ya kuandikisha, na ambalo Wajapani, wenye mchezo wao, walilijibu baada ya kuzika watoto wengi.

Mbinu ya kwanza ambayo mtoto huja nayo nyumbani mara nyingi ni osoto gari. Wanaolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza hudhani lina uhusiano na magari. Hapana. Kwa Kijapani neno hilo la mwisho linatokana na kitenzi cha kufyeka, na jina zima maana yake ni ufyekaji mkubwa wa upande wa nje. Sisi tulioangushwa kwenye viwanja vya shule ya msingi tunaijua kwa jina jingine: mtama. Wengine huita ngwala. Tofauti ni kwamba katika judo anayeangusha kwanza hushika ukosi na mkono wa vazi la mwenzake. Hupiga hatua pembeni mwa mguu wake, akamvuta mkono huku akimsukuma kifuani mpaka uzito wote wa mwenzake umelalia kisigino kimoja, kisha hurusha mguu wake mwenyewe na kuufyeka kwa nyuma ule mguu uliobeba uzito. Mwenzake anakwenda chali.

Ni mbinu rahisi kufundisha. Mtoto mwenye akili ya mwili anaweza kuishika alasiri moja. Lakini ina wanafunzi wawili, na huyu wa pili, anayeangushwa, hawezi kujifunza sehemu yake kwa alasiri moja. Yeye anatakiwa akiwa hewani abane kidevu kifuani kana kwamba anatazama fundo la mkanda wake, aupige mkeka kwa mkono mzima kuanzia kiganja hadi karibu na bega, atoe pumzi, na asijaribu kujishikiza kwa kiwiko wala kiganja kilichonyooshwa nyuma. Hilo linahitaji shingo yenye nguvu na mazoea ya wiki nyingi, kwa sababu mwili wa binadamu unapoanguka kinyumenyume hufanya kinyume kabisa: kichwa hubaki nyuma, mikono hunyooka kutafuta ardhi. Wajapani huita ustadi huo wa kuanguka ukemi, na Jigoro Kano, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882, aliufanya kuwa msingi wa mafunzo.

Pale ambapo wa kwanza amejua na wa pili hajajua, ndipo watoto wanapoumia.

Yaliyotokea Japani

Kwa miaka mingi vifo vya watoto katika judo ya shule za Japani vilihesabiwa kimoja kimoja, kila kimoja kama bahati mbaya ya familia moja. Aliyevikusanya pamoja ni Ryo Uchida, mtaalamu wa elimu wa Chuo Kikuu cha Nagoya. Alipitia kumbukumbu za malipo ya fidia kwa ajali za shuleni kuanzia mwaka 1983, akakuta kwamba katika kipindi kisichofika miaka 30 wanafunzi zaidi ya 100 walikuwa wamekufa kutokana na judo shuleni. Ni wastani wa karibu wanne kila mwaka. Wengi waliumia kichwa, na walioonekana sana kwenye kumbukumbu hizo ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza, yaani wale waliokuwa wapya.

Takwimu hizo zilitoka wakati mbaya kwa serikali ya Japani, maana kuanzia Aprili 2012 michezo ya jadi ya kujihami ikawa somo la lazima kwa wavulana na wasichana wa shule za kati, na shule nyingi zilichagua judo. Wazazi waliofiwa na wale ambao watoto wao walipata ulemavu walikuwa wameshaunda umoja wao. Wakauliza swali ambalo ni gumu kulikwepa: inakuwaje Ufaransa, yenye wanachama wa judo wapatao nusu milioni, wengi wao wakiwa watoto, haina makaburi kama haya?

Sehemu ya jibu iko kwenye sheria. Ufaransa ilipitisha sheria ya taaluma ya ualimu wa judo tangu mwaka 1955. Anayelipwa kufundisha anapaswa kuwa na cheti cha serikali, na ndani ya mafunzo yake kuna huduma ya kwanza na maarifa ya mwili wa mtoto. Japani, kwa upande mwingine, ilikuwa na mabingwa wengi na walimu wengi wenye mikanda myeusi, lakini mkanda mweusi unasema kwamba mtu anajua judo. Hausemi kama anajua dalili za damu kuvuja kichwani. Mwalimu wa shule aliyechezea judo miaka 20 iliyopita angeweza kukabidhiwa watoto 30 na kuendelea na mazoezi aliyofundishwa na mwalimu wake, pamoja na imani kwamba anayelalamika kuumwa kichwa ni mvivu.

Kuna uchunguzi mwingine ambao kila kocha wa watoto angepaswa kuujua. Madaktari wa Japani walikusanya majeraha makubwa yaliyoripotiwa kwa shirikisho la judo la nchi hiyo kati ya mwaka 2003 na 2010. Yalikuwa 72. Kati ya hayo, 30 yalikuwa ya kichwa na 19 ya shingo. Karibu wote walioumia kichwa walikuwa na umri chini ya miaka 20, wengi wao hawakuwa na uzoefu mrefu, na wengi waliumia walipokuwa wakiangushwa. Takribani nusu yao walikufa. Majeraha ya shingo yalifuata mkondo tofauti, yakiwapata zaidi wenye uzoefu, mara nyingi wakati wanashambulia. Kwa lugha nyingine, hatari kubwa ya mwanafunzi mpya ni kichwa chake, na inamfika akiwa yeye ndiye anayetupwa. Na mbinu iliyojitokeza sana kwenye ajali za kichwa ni hiyo hiyo osoto gari.

Kwa nini hiyo? Watafiti walitumia mwanasesere wa majaribio, wa aina ile inayotumika kupima ajali za magari, wakamwangusha mara kwa mara kwa mbinu mbili za kuangusha kinyumenyume. Osoto gari ilikipiga kichwa kwa nguvu zaidi kuliko mbinu dada inayofyeka mguu kwa ndani. Sababu inaeleweka hata bila vipimo. Mguu ukifyekwa kwa nje na kwa nguvu, mwili wote unazunguka kama mlango unaofunguka kuelekea chini. Kisigino kiko juu, na kichwa, kilicho mbali zaidi, ndicho kinachosafiri kwa kasi kubwa. Walipoweka mkeka mzito wa ziada chini ya ule wa kawaida, nguvu ya pigo ilipungua. Ni habari njema kwa klabu yenye uwezo wa kununua, ingawa mkeka hauwezi kumbania mtoto kidevu.

Damu inayovuja bila kidonda

Hapa naomba wazazi wanisome taratibu, maana jambo hili halihusu judo tu. Linahusu pia mtoto aliyedondoka kwenye mwembe au kuanguka na baiskeli.

Ubongo haujabanwa ndani ya fuvu kama karanga kwenye ganda. Unaelea kwenye maji, na kati yake na utando mgumu unaolalia fuvu kuna vena ndogo zinazovuka kama kamba za daraja. Kichwa kikizunguka kwa kasi na kusimama ghafla, fuvu linasimama lakini ubongo unaendelea kwa muda mfupi sana. Vena hizo huvutika, na nyingine hukatika. Damu huanza kujikusanya chini ya utando, inaubana ubongo, na kwa kuwa fuvu ni mfupa usiotanuka, ubongo ndio unaosalimu amri. Hilo linaweza kutokea hata kama kichwa hakikugonga chini kwa kishindo. Hakuna kidonda, hakuna nundu, hakuna damu ya kuonekana.

Baadhi ya watoto huzimia pale pale. Wengine huinuka, hurekebisha mkanda, hurudi kwenye mstari, na kuanza kubadilika baadaye. Ndiyo maana kauli ya kwamba mtoto ameinuka mwenyewe kwa hiyo yuko salama haina uzito wowote kwa daktari.

Dalili za hatari ni hizi: kichwa kinachouma na kuzidi kuuma, kutapika zaidi ya mara moja, usingizi usio wa kawaida au ugumu wa kumwamsha, kuongea maneno yasiyoeleweka, kuuliza swali lile lile kila baada ya dakika mbili, degedege, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu kulegea, majimaji meupe au damu kutoka puani au masikioni. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kujieleza, ongeza kulia kusikotulizika na kukataa chakula. Dalili mojawapo tu inatosha kumpeleka hospitali usiku huo huo, tena hospitali yenye kipimo cha CT scan. Zahanati inaweza kumpa huduma ya kwanza na rufaa, lakini haiwezi kuona ndani ya fuvu. Kwa mtoto ambaye damu imejikusanya kwa wingi tiba ni upasuaji wa kufungua fuvu, na kila saa ina thamani yake. Dar es Salaam, kwa mfano, upasuaji wa ubongo unafanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI. Anayeishi mbali na miji mikubwa anapaswa kujua kabla ya ajali ni hospitali gani iliyo karibu naye yenye kipimo hicho, na gari litapatikana wapi.

Usimpe aspirini, brufeni wala diklofenaki mtoto aliyeumia kichwa, maana dawa hizo zinaweza kuzidisha kuvuja kwa damu. Paracetamol kwa kipimo cha umri na uzito wake inakubalika akiwa njiani kwenda kuonwa na daktari, lakini isitumike kunyamazisha maumivu ili arudi mazoezini. Na kama mtoto analalamika shingo, au amepoteza hisia mikononi, asiinuliwe na marafiki zake na kupakiwa bodaboda katikati ya watu wawili. Alale pale pale mkekani, kichwa na shingo vishikiliwe visicheze, hadi lipatikane gari analoweza kulazwa ndani yake.

Kuna jambo la pili, dogo kwa sura, ambalo linaua. Mtoto ameanguka Jumatatu, kichwa kikauma, akachekwa kidogo, Jumatano akarudi mazoezini. Ubongo uliotikiswa ambao haujapona hauvumilii pigo la pili, hata likiwa jepesi. Katika visa vya Japani wapo watoto ambao, baada ya msiba, familia zilikumbuka kwamba walikuwa wamelalamika kuumwa kichwa siku kadhaa kabla. Kwa hiyo mtoto aliyepata mtikisiko wa ubongo hatakiwi kurudi mkekani siku ile ile, hata akisema yuko fiti. Apumzike siku moja au mbili, aanze kutembea kwa miguu na shughuli nyepesi, arudi shule kwanza, kisha mazoezi yasiyo na mguso. Kuanguka na kuangushwa ndiyo vya mwisho kabisa. Uingereza ilitoa mwongozo mwaka 2023 kwa michezo ya kawaida isiyo ya kulipwa: hakuna kushindana kabla ya siku ya 21 tangu kuumia, na mazoezi ya kugusana yasianze hadi zipite siku 14 bila dalili yoyote. Klabu ya mtaani inaweza kuufuata mwongozo huo bila kununua kitu chochote.

Mtoto aliposema hataki

Aprili 2021, katika mji wa Taichung, Taiwan, mtoto wa kiume wa miaka saba, aliyekuwa mgeni kabisa katika judo, aliangushwa mara zisizopungua 27 katika kipindi kimoja, na wanafunzi wakubwa kuliko yeye na kisha na kocha mwenyewe. Kwa mujibu wa taarifa za wakati huo kocha hakuwa na leseni. Mtoto alilalamika mguu, akalalamika kichwa, akasema hataki tena. Aliambiwa anajifanya. Mjomba wake alikuwepo akirekodi kwa simu, kwa nia ya kumwonyesha mama kwamba mchezo haumfai mtoto. Alikaa katika hali ya kutojitambua kwa zaidi ya miezi miwili na akafariki mwishoni mwa Juni. Mwaka uliofuata mahakama ilimhukumu kocha kifungo cha miaka tisa.

Nimeitaja habari hii si kwa ajili ya kumtisha mtu. Wengi walipoisikia waliuliza kwa nini mjomba hakusimamisha. Mimi naliona swali hilo kwa jicho la huku kwetu. Wangapi kati yetu tungethubutu kumkatiza mwalimu mbele ya darasa? Tumelelewa kuamini kwamba mtoto akikabidhiwa kwa mwalimu, mwalimu ndiye mzazi. Heshima hiyo ina faida zake darasani. Kwenye mkeka, ambapo mtu mzima wa kilo 80 anaweza kumtupa mtoto wa kilo 25, mzazi ana haki ya kusema imetosha, na kocha mzuri hatanuna. Ukiona kocha anayekataza wazazi kukaa na kutazama mazoezi ya watoto wadogo, hiyo peke yake ni sababu ya kuchukua begi na kuondoka.

Lawama, hata hivyo, si za makocha tu. Machi 2022 shirikisho la judo la Japani lilitangaza kufuta mashindano ya taifa ya mtu mmoja mmoja kwa watoto wa shule za msingi. Sababu walizozitoa ni za kushika ushindi mbele ya kila kitu: makocha na wazazi waliokuwa wakiwafokea watoto pembeni mwa mkeka, wakibishana na waamuzi, na watoto waliopunguzwa uzito ili waingie kundi la wepesi. Nchi iliyozaa mchezo ikaona bora ikose mabingwa wa miaka 11. Wapo waliopinga, wakisema mtoto anahitaji lengo la kufukuzia, na hoja hiyo si ya kupuuza. Lakini kwa jicho la afya uamuzi ulikuwa sahihi. Mtoto wa miaka 10 anayenyimwa maji na kukimbizwa akiwa amevaa makoti mawili ili apungue kilo mbili anaingia kwenye pambano akiwa dhaifu, na aliye dhaifu haanguki vizuri.

Cha kutazama kabla ya kulipa ada

Nenda siku ya mazoezi, usitangulize simu. Kaa pembeni saa nzima. Tazama wanafunzi wapya wanafanya nini. Kama wamo wanaoanguka wakiwa wamechuchumaa, kisha wakiwa wamepiga magoti, kisha wamesimama, wakirudia mpaka wanachoka na kuona uvivu, uko mahali pazuri. Kama mtoto aliyeanza wiki iliyopita anaangushwa chali na mwenye mwaka mmoja, uliza. Muulize kocha: mwanangu ataanza lini kuangushwa kwa osoto gari? Jibu zuri halina tarehe. Kocha anayejua kazi yake atakwambia ni pale atakapomwona mtoto anabana kidevu kila mara bila kukumbushwa, na kwamba hata hapo wataanza kwa hatua: kwanza anayeangusha akiwa amesimama tuli na kumshusha mwenzake taratibu, kisha kwa mwendo, na kwa kasi mwishoni kabisa.

Tazama pia mkono wa anayeangusha. Katika judo iliyofundishwa vizuri, anayeangusha haachii mkono wa vazi la mwenzake. Anauvuta juu wakati mwenzake anafika chini, na kwa mvuto huo kichwa hakifiki ardhini kwa uzito wote. Kano aliuita msingi huu ustawi wa pamoja, kwamba wewe na mwenzako mnapanda wote au hampandi. Watoto wanaoangusha na kuachia, au wanaoanguka juu ya mwenzao kwa makusudi ili kuongeza kishindo, hawajafundishwa nusu ya mbinu, hata kama wana medali.

Mikeka ya judo inakuwa na unene wa sentimita nne au zaidi, na inatakiwa ikae kwa kubanana bila nyufa za kuingiza vidole vya miguu. Najua klabu nyingi huanza na walichonacho. Magodoro yaliyoshonewa turubai si haramu kwa mazoezi ya kuanguka ya watoto wadogo, mradi yasiteleze na yasiwe laini kiasi cha kuzamisha kifundo cha mguu. Sakafu ya saruji yenye zulia ni haramu. Na watoto wapangwe kwa uzito na umri unaokaribiana. Wale wa mwaka wa kwanza wasiwe chakula cha wakubwa wanaojiandaa na mashindano.

Wapo watoto wanaohitaji kuonwa na daktari kabla hawajaanza. Mwenye hemofilia, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asiingie kwenye mchezo wa kuangushana. Mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita, anahitaji mazungumzo ya kina na daktari wake kuhusu maji, uchovu, na bandama ambayo ikiwa imevimba inaweza kupasuka kwa pigo la tumbo. Bandama huweza kuvimba pia kwa malaria, kwa hiyo mtoto aliyetoka kuugua asikimbizwe mkekani kesho yake. Mtoto mwenye sindromu ya Down anaweza kuwa na ulegevu kati ya pingili mbili za juu za shingo, na inafaa achunguzwe kwanza. Mwenye kifafa kilichodhibitiwa kwa dawa si lazima akatazwe, ila kocha lazima ajue. Mengine ya kila siku ni madogo: mfupa wa mtulinga, kiwiko cha mtoto aliyejishikiza kwa mkono, na choa, ambacho husambaa haraka kwenye mazoezi ya kugusana ngozi kama mikeka haifutwi na vazi halifuliwi kila baada ya mazoezi.

Sasa niseme kidogo kuhusu faida ambayo hupita bila kutajwa, na hii ni kwa wagonjwa na wazee wanaosoma safu hii wakidhani judo haiwahusu. Ustadi wa kuanguka unafundishika kwa watu wazima. Uholanzi, katika mji wa Nijmegen, wataalamu wa tiba ya viungo waliweka mbinu za kuanguka zilizotoka kwenye michezo ya kujihami ndani ya programu ya wazee ya kuzuia maporomoko, kwa lengo la kupunguza pigo linalovunja nyonga. Hawakuwarusha wazee. Waliwafundisha juu ya magodoro mazito, kidogo kidogo, jinsi ya kubingirika badala ya kutua kwa upande mmoja. Sijui kwa nini hatufanyi hivyo katika kliniki zetu za mazoezi ya viungo, ambako godoro lipo na mtaalamu yupo. Mwenye mifupa iliyodhoofika asijaribu peke yake nyumbani.

Na kuhusu nyumbani: mtoto aliyejifunza kufyeka mguu leo atataka kumwonyesha mdogo wake leo hii, sebuleni, juu ya vigae. Mdogo wake hajui kubana kidevu. Hilo mwambieni mlangoni, kabla hajavua viatu.